Waliokuja Kumzika Mama

Mimi ni fundi cherehani, na fundi cherehani asiyejua kutunga visingizio atalala njaa. Gauni halijakatwa, mwenye gauni amesimama barazani, harusi ni kesho. Hapo ukweli hausaidii mtu. Unamwambia umeme ulikatika. Akisema kwake haukukatika, unamwambia sindano imevunjika na dukani wamebakiwa na zisizoingia kwenye mashine yako. Akizidi kukukazia macho, unamwambia ulishashona ukamaliza, lakini hukuridhika, ukafumua, kwa sababu umbo kama lake si la kushonewa ovyoovyo. Hiki cha mwisho sijawahi kuona mwanamke aliyekikataa, hata yule mteja wangu wa Mwadui ambaye hukataa kila kitu.

Lakini kisingizio changu huomba siku mbili tatu, basi. Mteja akirudi nguo ipo, imepigwa pasi, tunacheka yanaisha. Mdogo wangu wa kiume hakuwahi kutoa nguo. Alitoa maneno tu, na mama akawa anayavaa.

Tulikulia kijijini, mwendo wa baiskeli kutoka Shinyanga mjini, kabla baba hajafariki na mama hajahamia kwangu mjini, mtaa wa Kambarage. Mdogo wangu ndiye kitinda mimba. Siku moja tulichelewa shule sote wawili, mimi nikiwa nimechelewa kwa sababu nilikuwa namtafutia yeye kiatu cha pili. Mwalimu wa zamu akatuuliza. Mimi nikasema ukweli, nikachapwa viganjani. Yeye akasema ng'ombe wa jirani alikuwa anazaa katikati ya njia, na mama yetu ametufundisha kwamba mtoto wa kiume hapiti mbele ya mzazi aliye kwenye uchungu, ni kukosa adabu. Mwalimu alicheka mpaka akaegemea ukuta. Akamwambia aende zake darasani.

Jioni mama naye alicheka. Alikisimulia kile kisa msimu mzima wa pamba, na kila aliposimulia alitia chumvi. Mara ng'ombe alizaa pacha, mara mtoto alimsaidia ng'ombe kuzaa. Viganja vyangu vilivyovimba hakuna aliyeviulizia. Nilijifunza mapema kwamba nyumbani kwetu ukweli una adhabu, na uongo ukiwa mtamu unapewa kigoda ukae.

Alipokuwa mtu mzima akaenda machimboni, upande wa Geita, na huko kipaji chake kikapata uwanja. Wachimbaji wadogo shimo lao wanaliita duara, na duara lina mambo mengi ambayo mtu wa nje hawezi kuyathibitisha. Mama alipopasuliwa mtoto wa jicho, mdogo wangu alipiga simu kusema duara limeanza kunusa dhahabu, mganga amelifunga, na atakayetoka kabla mawe hayajapanda juu ataondoka na bahati ya wenzake. Krismasi maji yaliingia duarani, na pampu haikubali kuwaka isipokuwa kwa mkono wake. Kuna mwaka alikuwa Kahama kabisa, jirani na mgodi wa Buzwagi, pua na mdomo na sisi, akashindwa kuja kwa sababu mganga amemkataza kunyoa na ndevu zimefika kifuani. Aliogopa mama atashtuka.

"Nimemwambia asinyoe," mama akaniambia kwa sauti ya chini, kana kwamba wamekabidhiana siri ya ukoo.

Husemwa asiyekuwepo na lake halipo. Kwetu ilikuwa kinyume. Kila kuku aliyechinjwa kwangu, firigisi ilifunikwa kwenye kibakuli, huenda mtoto akatokea. Kesho yake mimi ndiye niliyeitupa. Na mimi niliyekuwepo, nikichelewa kuchemsha chai kwa sababu nina nguo za watu, sikuwa na sababu inayosikika. "Wewe kila siku una kazi," alikuwa akisema, huku kikombe anakisogeza pembeni. Iliniuma, na bado inaniuma. Nilimpenda mama yangu nikiwa nimeuma meno.

Ikaja Jumamosi moja mwishoni mwa kiangazi. Nilikuwa barazani kwenye mashine. Mama alikuwa nyuma ya nyumba anachambua choroko. Hiace imejaa vumbi jekundu ikasimama mbele yetu, wakashuka wanaume kimyakimya, kofia mkononi, na mwanamke mmoja aliyejifunga khanga kiunoni. Wakashusha gunia la mchele, mfuko wa sukari na mbuzi. Halafu wakashusha sururu, machepe na tindo, vimefungwa pamoja kwa kamba.

Yule mwanamke alipoona ukuta wa nyumba akaweka mikono kichwani.

"Uwiii! Mama yetu jamani! Umetuachia nani?"

Mtaa mzima ukatoka nje. Jirani yangu msusi alikuja mbio na chanuo mkononi, mteja wake nyuma yake kichwa kimesukwa upande mmoja. "Mama amekufa?" akaninong'oneza. "Si nimemwamkia sasa hivi?"

Aliyekuwa kiongozi wao, mtu mzima mwenye mvi za kidevuni, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Dada, pole sana. Sisi tunafanya kazi duara moja na mdogo wako, na huyu ndiye mama lishe wetu. Tumefunga kazi. Tuelekeze tu mwili ulipo na sehemu ya kaburi. Sisi ni wachimbaji, mama yetu hawezi kuchimbiwa na watu baki."

Hapo nikaelewa.

Baadaye nilipata habari zote, lakini hata pale pale niliotea nyingi. Kambini kwao, mtu akiacha duara katikati ya kazi amepoteza nafasi yake, isipokuwa aliyefiwa. Mfiwa anaondoka na nafasi yake inalindwa. Mdogo wangu alisikia kuna mahali dhahabu imezuka upya, watu wanakimbilia, rashi kama wanavyoiita, akataka kwenda kujaribu bahati bila kupoteza ya huku. Akamuua mama. Aliwaambia wasisumbuke kuja, mwamba uko karibu, waendelee tu na kazi. Lakini utaratibu wao una nusu ya pili: mwenzao akifiwa wanachanga, wanafunga duara na kwenda kuchimba kaburi kwa mikono yao. Na mfiwa siku zote husema msisumbuke. Kadiri alivyowakataza ndivyo walivyomhurumia.

Sikuwa na nia ya kumtetea. Angekuwa karibu ningemkata na mkasi. Nilichotaka ni kimoja tu: mama asijue kwamba mwanawe amemzika. Alikuwa nyuma ya nyumba, masikio yake si mazuri, na nilikuwa na dakika chache za kuwaondoa watu hawa.

"Ameshazikwa," nikasema. "Jana."

"Basi tutakwenda kaburini tukaombe," akasema kiongozi.

"Ni kijijini, mbali. Gari halifiki."

"Tutatembea, dada."

"Wazee wa ukoo wamekataza wageni kufika kaburini kwa sasa."

"Basi tutakaa hapa hapa na nyie, tulale msiba," akasema mama lishe huku anafuta machozi. "Na mwenzetu yuko wapi tumpe mkono wa pole?"

"Ameenda dukani. Sukari imetuishia."

"Sukari tumeleta," akasema kijana aliyeshika mfuko, na akauinua nione.

Miaka yote nimedanganya maharusi, leo naumbuliwa na mfuko wa sukari. Ningeweza kupambana na mtu mkali, mtu mwenye mashaka. Hawa kila mlango niliofunga waliufungua kwa wema. Nilikuwa natafuta neno jingine nilipoona macho ya yule msusi yamehama kutoka kwangu na kutazama kona ya nyumba.

Mama alikuwa amesimama pale, ungo wa choroko mkononi.

"Mwangaluka mayu," akamwamkia kiongozi kwa Kisukuma, akiinama kidogo.

"Mwangaluka baba. Karibuni, wanangu. Nasikia kilio. Nani amefariki?"

Hawakumjua. Kwao mama wa mdogo wangu alikuwa maiti, kwa hiyo huyu alikuwa bibi mwingine tu wa msibani. Nilimkonyeza kiongozi, nikamkonyeza mama lishe. Macho ya mama lishe yalikuwa yamejaa machozi, hakuona kitu.

"Mama wa kijana wetu, mayu," akasema. "Yule mrefu, mwenye pengo hapa mbele. Msemaji sana, kambi nzima anatuchekesha."

Mama akauliza, "Alikuwa anaumwa nini?"

"Tumbo, mayu. Alilala akimwita mwanawe tu. Walipompa simu akasema, mwanangu, usiache kazi yako kwa ajili yangu. Ndiyo maneno yake ya mwisho. Hata sisi tulilia."

Nilisema, "Mama, ingia ndani, jua kali." Hakunisikia, au alinisikia.

"Na yeye alipopata habari," akauliza, "alilia?"

"Alilia, mayu! Tulimshika huku na huku asianguke. Mimi nimepikia wanaume kambi nyingi, sijaona mwanaume akimlilia mama yake namna ile."

Mama akatikisa kichwa polepole. Akaweka ungo juu ya kiti changu cha wateja, akauweka vizuri ili choroko zisimwagike.

"Mama yake ni mimi," akasema.

Mama lishe alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka akajificha mgongoni kwa kiongozi. Kijana mmoja alicheka, akaona yuko peke yake, akaacha. Kiongozi alinitazama mimi. Mimi nilitazama pindo la sketi iliyokuwa kwenye mashine.

Kisha hasira zikawapanda, na sikuwalaumu. Kwa watu wanaoshuka ardhini kila siku bila uhakika wa kupanda tena, kutangaza kifo cha uongo si mzaha. Wanaamini ardhi inasikia, na kifo ulichokiita hakirudi bure. "Ametuletea mauti duarani," mmoja akasema. Mwingine akasema wakimkamata atatapika alichokula tangu utotoni. Majirani wamejaa, wote wanamtazama mama. Walimjua. Hakuna aliyeishi mtaa ule asiyesimuliwa habari za ndevu, za pampu, za ng'ombe aliyezaa pacha. Walisubiri aanze kumtetea mwanawe, na mimi nilisubiri nao. Nilijua hata atakachosema: mtoto amechanganyikiwa na moshi wa baruti, au kuna mtu amemroga kazini.

Mama alinigeukia mimi. Kisha akaniambia, "Washa moto. Watu wametoka mbali."

Kiongozi alitaka kuondoka, lakini kulikuwa na tatizo la mbuzi. Kilicholetwa kwa ajili ya msiba hakirudi kambini, akaeleza kwa aibu, kinarudi na msiba. Mbuzi atachinjwa hapa na mchele utabaki hapa. Na kulikuwa na tatizo kubwa zaidi, la vyombo. Sururu na machepe yaliyotoka kwa ajili ya kaburi hayawezi kushuka tena duarani yakiwa makavu. Lazima yachimbe kitu. Walisimama wanatazamana, wanaume wazima wenye vifua, wamekuja na zana za kaburi na hakuna wa kumzika.

"Nyuma kuna choo kimejaa," mama akasema.

Ni kweli, kilikuwa kimejaa kitambo. Mama alikuwa amemwomba mwanawe aje achimbe kingine, na mwanawe alikuwa ameahidi, na sababu zilikuwa zimemiminika: udongo wa Kambarage ni laini mno kwa mkono uliozoea mwamba, utamharibia mkono, mwezi huu hauchimbwi choo, anatafuta mashine ya kuchimbia aje nayo. Mtu anayeteremka gizani kwa kamba kutafuta punje asiyoiona alishindwa kumchimbia mama yake shimo la kujisitiri. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutafuta fundi wa kumlipa, mama akakataa. Mtoto amesema atakuja.

Basi wakachimba wenzake. Walianza kwa kununa, vumbi tu na miguno. Lakini kazi ni kazi, na hao walikuwa mafundi wake. Kufikia mchana walikuwa wanapokezana, mmoja akaanzisha wimbo, wengine wakaitikia, na mama lishe akawa jikoni kwangu ananielekeza kupika wali kana kwamba jiko ni lake. Shimo lilitoka limenyooka, kuta zake laini, refu kuliko tulivyohitaji. Mama alikaa pembeni kwenye kigoda anatazama wanaume wa watu wanachimba. Sijui alikuwa anawaza nini. Alipoletewa nyama alikula. "Ngumu," akasema, na hiyo ndiyo lawama pekee aliyotoa siku ile.

Walipokuwa wanapanda gari kiongozi alimwendea, akavua kofia tena. "Mayu, mwanao tukimwona tumfanye nini?"

Najua alikuwa anaomba neno moja tu. Mama angesema msameheni, wangemsamehe, kwa ajili yake.

"Hilo ni lenu," mama akajibu. "Wabeja, asanteni kwa choo."

Mtaa ulicheka, nani angewazuia. Kuna mwanamke wa jumuiya yetu alikuja jioni na mfuko wa unga wa rambirambi, habari za mwanzo zimemfikia lakini za mwisho bado. Mama ndiye aliyemfungulia mlango. Unga tuliupokea.

Mdogo wangu alianza kupiga simu baada ya hapo. Kambi ilikuwa imemfukuza, nafasi yake wamempa mwingine, na ile rashi ilikuwa maneno matupu. Sasa alikuwa kibarua kwenye karasha la mtu, anasagisha mawe ya wengine. Mchuma janga hula na wa kwao, na mimi sehemu yangu ilikuwa kupokea simu. Alitaka kuongea na mama. Nilimpelekea mama simu, mama akageuza uso ukutani. Ikabidi niseme amelala. Siku nyingine nikasema yuko kanisani, na haikuwa siku ya kanisa. Nikasema sikio linamuuma. Nikasema amekwenda kumwona mgonjwa. Maisha yangu yote nilikuwa nikichukia visingizio vya mtoto kwa mama yake, sasa nilikuwa nashona vya mama kwa mtoto wake.

Nilitegemea ningefurahi. Nilikuwa nimeshinda, kama hilo ni jambo la kushinda. Mama hakumtaja tena, hakumsimulia kwa mtu. Alikunywa chai yangu hata ikichelewa, bila neno. Lakini alipungua. Alikuwa anakaa kwenye kigoda mikono imelala mapajani, na ukimuuliza unawaza nini anasema hawazi. Ilifika mahali nikatamani anigombeze.

Siku moja simu ilipolia akanyoosha mkono. "Lete."

Mama hajui kuweka simu sikioni, huiweka mbele ya uso kama kioo, kwa hiyo nilimfungulia spika na nikasikia yote. Mdogo wangu alimwamkia. Akalia kidogo. Kisha akaeleza. Alisema aliota. Katika ndoto mama amelala kitandani, tumbo linamuuma, anamwita. Akaamka analia, wenzake wakamzunguka kumuuliza, naye kwa uchungu akasimulia aliyoyaona bila kusema kwamba ni ndoto, na wale watu kwa jinsi wanavyompenda wakaanza kuchanga kabla hajamaliza. Akaona aibu kuwarudisha nyuma. Akaondoka, si kwenda kwenye rashi, mama, bali kuja nyumbani kuhakikisha kwamba mama ni mzima, na njiani ndipo nauli ikaibwa.

Kilikuwa kisingizio kizuri. Nasema hivyo kama fundi. Mishono ilikuwa imekaa, hata pale palipoungwa hapakuonekana. Nilimtazama mama nikaona kitu kimecheza usoni kwake, nikadhani yameisha, kesho msusi atasimuliwa habari za ndoto.

"Umemaliza?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Wenzako walifika hapa. Wamenisimulia ulivyonililia. Wamesema ulishikwa huku na huku."

"Mama, mimi..."

"Ngoja. Wamesema hawajaona mwanaume analia namna ile. Basi, mwanangu, mimi umeshanililia. Inatosha. Siku yenyewe ikifika usije. Usitafute sababu, usisumbue watu. Umeshamaliza."

Upande wa pili nilisikia pumzi yake, na nyuma yake karasha linasaga mawe. Mtu ambaye hajawahi kukosa neno alikosa neno. Mama alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili, hajaikata, ameitazama. Nikatambua kwamba anasubiri. Nikaanza kuomba moyoni aseme kitu, uongo wowote, gari limepinduka, mganga amekataza, chochote kile. Mama angeupokea. Siku ile hata mimi ningeupokea.